Sharti la digrii kwa wauguzi: Sera isiyopimwa huishia kumuumiza mgonjwa

HOSPITALI inapotangaza kwamba kuanzia tarehe fulani hakuna muuguzi atakayeajiriwa wala kupandishwa cheo bila shahada ya chuo kikuu, tangazo lenyewe huwa fupi. Aya mbili, muhuri na sahihi ya mkurugenzi. Yanayofuata ndiyo marefu. Muuguzi mwenye diploma aliyehudumu kwa miaka 18 katika wadi ya kujifungulia huanza kujiuliza kama ujuzi wake umegeuka kuwa bure usiku mmoja. Mwenzake aliyehitimu chuo kikuu juzi hujiuliza kama mshahara wake hatimaye utalingana na karo iliyowafanya wazazi wake kuuza ng'ombe. Naye msimamizi wa wauguzi hutazama orodha ya zamu za wiki ijayo asijue atampanga nani usiku wa Alhamisi, iwapo watatu kati ya watu wake watakuwa darasani.

Mjadala kuhusu kiwango cha elimu ya muuguzi si mpya, na wala hauhusu Kenya pekee. Hata hivyo, hapa nchini una uzito wake kwa sababu wauguzi huingia kazini kupitia milango kadhaa. Wapo waliosomea cheti, ambao kwa miaka mingi walikuwa uti wa mgongo wa zahanati za mashambani. Wapo wenye diploma, wengi wao wakiwa wamehitimu katika Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu, KMTC, ambacho historia yake inaanzia mwaka wa 1927 na ambacho sasa kina mabewa zaidi ya 70 kote nchini. Kisha wapo wenye shahada, wanaosoma kwa miaka minne chuoni na kumalizia na mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini. Mwanafunzi aliyepata gredi ya wastani ya C katika mtihani wa KCSE anaweza kusomea diploma iwapo ametimiza alama za masomo yanayohitajika. Anayetaka digrii sharti awe na C+.

Wote hawa hatimaye husajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257. Hapa ndipo wengi huchanganya mambo mawili yaliyo tofauti. Leseni hutolewa na Baraza, nayo humruhusu mtu kufanya kazi ya uuguzi. Masharti ya cheo fulani huwekwa na mwajiri. Hospitali haina mamlaka ya kusema kwamba mwenye diploma si muuguzi, maana sheria tayari imemtambua. Inachoweza kusema ni kwamba kazi hii au ile katika jengo lake inahitaji elimu ya kiwango fulani. Sera ikianza kwa kuusahau mpaka huo, mabishano hayatakoma hadi mahakamani.

Swali la kwanza basi ni la haki kuulizwa: kuna ushahidi gani kwamba digrii inamfaidi mgonjwa?

Ushahidi unaotajwa zaidi ulichapishwa Septemba 2003 katika jarida la kimatibabu la JAMA nchini Marekani. Utafiti huo uliongozwa na Profesa Linda Aiken wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Yeye na wenzake walichunguza hospitali 168 katika jimbo hilo na rekodi za wagonjwa 232,342 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji. Waligundua kwamba kila fungu la wauguzi wenye shahada lilipokuwa kubwa zaidi kwa asilimia 10 katika hospitali, uwezekano wa mgonjwa kufariki katika muda wa siku 30 ulikuwa chini kwa asilimia 5. Jambo jingine lililojitokeza, na ambalo halikuwafurahisha wauguzi wakongwe, ni kwamba wastani wa miaka ya uzoefu kazini haukuonyesha tofauti kama hiyo.

Ili kuelewa jinsi elimu ya muuguzi inavyoweza kugusa uhai wa mtu, ni vyema kufikiria saa nane za usiku. Mama aliyefanyiwa upasuaji mchana amelala. Mpigo wa moyo umeongezeka kidogo. Anapumua kwa haraka kiasi. Mkojo kwenye mfuko umepungua, na anasema ana kiu. Kila dalili kati ya hizi ni ndogo ikitazamwa peke yake na inaweza kuelezwa kwa sababu isiyo na madhara. Zikiunganishwa, huenda mgonjwa anavuja damu tumboni. Daktari yuko nyumbani au katika chumba cha upasuaji. Aliye kando ya kitanda ni muuguzi, na maisha ya mama huyo yanategemea mambo mawili: kama muuguzi ataziunganisha dalili hizo mapema, na kama atakuwa na ujasiri wa kumwamsha daktari na kusisitiza aje. Watafiti wana kipimo maalumu cha vifo vya aina hiyo, yaani vya wagonjwa waliopatwa na tatizo ambalo lingetibika lakini hawakuokolewa. Katika utafiti wa Pennsylvania, vifo hivyo pia vilikuwa vichache pale ambapo wauguzi wengi walikuwa na shahada.

Inafaa kuwa mwangalifu hapa. Utafiti wa aina hii huonyesha kwamba mambo mawili yanaandamana. Hauthibitishi kwamba moja ndilo linalozaa lingine. Hospitali inayovutia wauguzi wenye digrii huenda pia ina mashine bora na madaktari waliobobea. Watafiti hao walijitahidi kuondoa athari za mambo kama ukubwa wa hospitali, teknolojia na idadi ya wauguzi, na bado tofauti ikabaki. Lakini zilikuwa hospitali za Marekani. Wadi ambamo muuguzi mmoja ana wagonjwa wachache si sawa na wadi ambamo mmoja anahudumia chumba kizima, baadhi ya wagonjwa wakiwa wawili kitandani.

Miaka 11 baadaye, mnamo 2014, jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha uchunguzi mpana zaidi wa Aiken na wenzake kutoka mataifa 9 ya Ulaya. Ulihusisha hospitali 300 na wagonjwa 422,730. Safari hii matokeo yalikuwa na pande mbili. Kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada liliambatana na upungufu wa asilimia 7 katika uwezekano wa kufariki. Na kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano huo huo.

Watunga sera hupenda kunukuu nusu ya kwanza ya matokeo hayo na kuinyamazia ya pili. Ukweli ni kwamba nusu hizo hazitenganishwi. Watafiti walilinganisha hospitali ambako asilimia 60 ya wauguzi wana shahada na kila mmoja ana wagonjwa 6, na hospitali ambako asilimia 30 pekee wana shahada na kila mmoja ana wagonjwa 8. Katika zile za kwanza, vifo vilikadiriwa kuwa chini kwa karibu asilimia 30. Hesabu hiyo inaonyesha wazi hatari inayoikabili hospitali inayowapeleka wauguzi wake chuoni bila kuajiri wa kushika nafasi zao: inachokipata kwa mkono wa kulia inakitupa kwa mkono wa kushoto. Muuguzi aliyebaki wadini hubeba wagonjwa wa mwenzake aliye darasani, naye aliye darasani hurejea jioni kushika zamu akiwa amechoka.

Mataifa yaliyotangulia katika njia hii yamepitia mabonde na milima. Nchini Marekani, chama cha kitaifa cha wauguzi kilipendekeza mnamo 1965 kwamba shahada iwe kiwango cha chini cha elimu kwa muuguzi wa kitaaluma. Jimbo la North Dakota lilijaribu kuutekeleza msimamo huo kuanzia 1987 na likawa jimbo la pekee lenye sharti la aina hiyo, kabla ya kuliondoa mnamo 2003. Mwaka wa 2010, Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo iliweka lengo kwamba asilimia 80 ya wauguzi wawe na shahada kufikia 2020. Mwaka huo ulifika na kupita lengo likiwa bado mbali.

Jimbo la New York lilichukua mkondo tofauti. Mnamo Desemba 2017, Gavana Andrew Cuomo alitia sahihi sheria inayowapa wauguzi wapya muda wa miaka 10 baada ya kupata leseni kukamilisha shahada. Waliokuwa wauguzi tayari, pamoja na wanafunzi waliokuwa vyuoni wakati huo, hawakuguswa. Kwa maneno mengine, mlango wa kuingilia kazini ulibaki wazi kwa mwenye elimu ya chini, na dai la digrii likasogezwa mbele ambako mtu tayari ana mshahara wa kumsaidia kulipa karo. Ni vigumu kuona kwa nini waajiri wa Afrika Mashariki hawajaichunguza njia hiyo kwa makini zaidi.

Uingereza nayo iliamua kwamba kufikia Septemba 2013 kila anayeanza kusomea uuguzi asomee shahada. Waliosajiliwa awali walibaki na usajili wao. Lakini gharama ilikuja kuleta kizaazaa. Mnamo 2017 serikali iliondoa ruzuku kwa wanafunzi wa uuguzi nchini England, maombi ya kujiunga na kozi hiyo yakapungua, na kuanzia Septemba 2020 ikalazimika kuanza tena kuwapa wanafunzi msaada wa angalau pauni 5,000 kwa mwaka. Isitoshe, kufikia 2019 England ilikuwa imeanza kusajili kundi jipya la wauguzi wasaidizi wenye mafunzo ya miaka miwili, ili kuziba pengo kati ya mhudumu wa kawaida na muuguzi mwenye digrii. Ngazi iliyokuwa imeondolewa ikarudishwa kwa jina jingine.

Kenya ina tajriba yake, ambayo husahaulika upesi. Mnamo 2005, shirika la AMREF likishirikiana na Baraza la Wauguzi na wadau wengine lilizindua mpango wa kuwawezesha wauguzi wenye cheti kupata diploma kwa kusoma kupitia kompyuta. Waliolengwa walikuwa takriban 20,000. Ilikuwa imekadiriwa kwamba kwa nafasi zilizokuwepo katika madarasa ya kawaida, kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka 100. Maelfu walihitimu kupitia mpango huo huku wakiendelea kuhudumu katika vituo vyao. Chuo Kikuu cha Aga Khan nacho, kilipoanzisha mafunzo ya uuguzi katika eneo hili mnamo 2001, kiliyapanga kwa ajili ya watu walio kazini: siku chache za darasa kila juma, na siku zilizosalia hospitalini. Mipango hiyo miwili ilifanikiwa kwa sababu ilianza na swali ambalo sera nyingi huliacha mwisho, yaani muuguzi atasoma saa ngapi.

Hospitali inayokaa chini kuandika sera yake leo ina mengi ya kuamua kabla ya kutaja digrii. Kwanza ni nani mwenye uwezo wa kuiandika. Tangu ugatuzi uanze mnamo 2013, wauguzi wengi wa umma wameajiriwa na kaunti kupitia bodi zao za utumishi, na kupanda kwao vyeo huongozwa na miongozo ya utumishi wa umma. Msimamizi wa hospitali ya kaunti hawezi kubuni sharti lake na kulibandika ukutani. Hospitali za kibinafsi na za makanisa zina uhuru mkubwa zaidi, lakini nazo zimefungwa na sheria za ajira na mikataba yoyote waliyotia sahihi na vyama vya wafanyakazi.

Sheria ya Ajira ya 2007 iko wazi katika suala hili. Sehemu ya 10 inasema kwamba masharti ya kandarasi yanapobadilika, mwajiri hushauriana na mfanyakazi, huirekebisha kandarasi na kumjulisha kwa maandishi. Aliyeajiriwa kwa diploma hajafanya kosa lolote kwa kuwa na diploma. Kumfuta kwa sababu hiyo pekee kutamlazimu mwajiri kuthibitisha sababu halali na kwamba alifuata utaratibu wa haki, jambo ambalo si rahisi ikiwa mtu huyo amekuwa akifanya kazi ile ile vyema kwa miaka mingi. Na iwapo mwajiri atasema cheo kimeondolewa, atakutana na sehemu ya 40: ilani ya angalau mwezi mmoja kwa chama na afisa wa leba, na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika kazini. Kwa muuguzi wa miaka 18, hiyo ni zaidi ya mishahara ya miezi 8.

Kwa sababu hiyo, sera yenye busara hutofautisha watu watatu. Anayeajiriwa baada ya tarehe iliyowekwa hujua masharti kabla ya kutia sahihi. Aliye kazini na bado ana miaka mingi mbele hupewa muda, tuseme miaka 7 au 10, na nafasi ya kusoma. Aliyekaribia kustaafu huachwa alivyo. Kumtaka muuguzi wa miaka 56 aingie chuoni, ilhali umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ni 60, ni kumtoza karo ambayo hatapata muda wa kuirejesha.

Vivyo hivyo kwa kazi zenyewe. Si kila kitanda kinahitaji muuguzi wa shahada, na hospitali inayodai hivyo huwa haijaketi kuchunguza kazi zake. Kuna sababu nzuri za kudai digrii kwa anayesimamia wadi, anayewafunza wanafunzi, anayeongoza udhibiti wa maambukizi au anayefanya kazi katika chumba cha wagonjwa mahututi, mradi katika chumba hicho mafunzo ya ziada ya kitaaluma yahesabiwe pia, maana digrii ya jumla peke yake haimfundishi mtu kuendesha mashine ya kupumulia. Utaratibu wa Magnet wa Marekani, unaotambua hospitali zenye uuguzi bora, ulianza kwa viongozi: tangu 2013 umetaka wasimamizi wote wa wauguzi wawe na shahada ya uuguzi, bila kuweka sharti hilo kwa kila muuguzi wa wadi.

Kisha kuna pesa, na hapa ndipo sera nyingi huzungumza kwa kunong'ona. Nani atalipa karo? Ikiwa ni hospitali, je, muuguzi atafungwa kuhudumu kwa miaka mingapi baada ya kuhitimu, na akiondoka mapema atarejesha kiasi gani? Swali hilo si la kinadharia. Mnamo Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kuwawezesha wahudumu wa afya wa Kenya kufanya kazi huko, na muuguzi mwenye digrii na uzoefu ni bidhaa adimu duniani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba dunia ilikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.8 mnamo 2023. Hospitali inayomsomesha mtu bila makubaliano ya maandishi huenda inaisomeshea Manchester. Lakini makubaliano yenyewe yasigeuke pingu. Deni linapaswa kupungua kadiri miaka ya utumishi inavyoongezeka, na makato yasimwache mtu bila cha kununua unga.

Mwajiri asiyeweza kulipa karo bado ana njia ya kusaidia, nayo ni zamu. Ratiba inayojulikana miezi mitatu mbele, siku mbili za darasa zisizoguswa, na likizo ya mitihani iliyoandikwa ndani ya sera badala ya kutegemea hisani ya msimamizi, humfaa mwanafunzi kuliko ahadi za ruzuku zisizofika. Idadi ya wanaoruhusiwa kusoma kwa wakati mmoja pia iwekwe wazi kwa kila wadi. Wadi yenye wauguzi 12 inaweza kuwaachilia wawili. Ikiwaachilia watano, wagonjwa ndio watakaolipa. Na wa kwanza wateuliwe kwa kigezo kinachojulikana na wote, maana hakuna kinachochafua hewa ya chumba cha wauguzi kama tetesi kwamba nafasi za masomo huenda kwa marafiki wa mkubwa.

Suala la stakabadhi nalo halifai kupuuzwa. Sharti la karatasi likikazwa bila njia ya halali ya kuipata, karatasi bandia hujitokeza. Ukaguzi wa Tume ya Utumishi wa Umma, uliotangazwa Februari 2024, ulifichua zaidi ya vyeti 2,000 ghushi miongoni mwa watumishi wa umma. Katika ofisi, cheti bandia huibia serikali mshahara. Wadini huua. Sera inapaswa kueleza kwamba shahada itakayokubaliwa ni ya mafunzo yaliyoidhinishwa na Baraza la Wauguzi, na kwamba hospitali itathibitisha stakabadhi moja kwa moja na chuo kilichozitoa.

Limesalia jambo moja ambalo huwavunja moyo wauguzi kuliko mitihani yenyewe. Muuguzi husoma, hufuzu, hupeleka nakala ya cheti katika ofisi ya wafanyakazi, kisha hukaa miaka miwili au mitatu katika daraja lile lile la mshahara akiambiwa bajeti haijaruhusu. Wakati huo huo anafanya kazi ya msimamizi kwa sababu ndiye mwenye digrii. Sheria ya Ajira, katika sehemu ya 5, inataka malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa, na hoja hiyo hukata pande zote mbili: mwenye diploma anayeongoza wadi kwa ukamilifu anaweza kuitumia, na mwenye shahada aliyepewa majukumu mapya bila nyongeza anaweza kuitumia pia. Njia ya kuepuka kesi hizo ni ya kihasibu. Hospitali inajua ni wauguzi wangapi imewaruhusu kusoma na ni lini watahitimu. Kwa kaunti, ambazo mwaka wake wa fedha huanza Julai 1, fedha za kuwapandisha madaraja watakaohitimu Desemba hupaswa kuwa katika makadirio yaliyowasilishwa miezi kadhaa kabla ya Julai, na tarehe ya kuanza kulipwa mshahara mpya kuandikwa katika barua ile ile inayomruhusu muuguzi kwenda kusoma.